Ghala Chumbani kwa Mama

Jina la Waziri alipewa kwenye foleni ya mashine ya kusaga, na waliompa walikuwa wanamcheka. Alikuwa mkulima wa mahindi kama wao, mwenye shamba la kawaida tu, mawe upande wa juu, maji yanayotuama upande wa chini, na suruali mbili, moja ya shamba na moja ya safari. Lakini kila alipoleta debe lake kusaga alileta na habari. Ng'ambo kuna ukame. Meli za ngano zimekwama bandarini kwa sababu ya vita. Nchi fulani imezuia mchele wake usitoke nje. Wenzake wakipiga soga za mpira na za nani kamkimbia nani, yeye anaeleza habari za akiba ya nafaka ya dunia kana kwamba ameiacha nyumbani chini ya kitanda.

"Mheshimiwa Waziri," fundi wa mashine alikuwa akimpokea, mweupe kwa unga kuanzia nyusi mpaka viatu, "dunia imeamkaje leo?"

"Imeamka na njaa," Waziri alijibu kila mara, bila kucheka.

Walicheka wao. Lakini walimpisha akae kwenye gunia lisilo na tundu, na aliposema walinyamaza, maana wanaomcheka ndio hao hao waliouza au kungoja kwa kumsikiliza yeye.

Ugonjwa huu wa kufuatilia bei aliupata mwaka mmoja mbaya, watoto wake wakiwa bado wadogo. Mwaka ule alivuna, akauza mahindi yote pale pale shambani kwa dalali wa kwanza aliyetokea. Dalali alimwambia kwamba dunia nzima imevuna vizuri, nafaka zimejaa kila mahali, bei imeanguka na itazidi kuanguka, na anayenunua leo ananunua kwa huruma tu. Waziri, ambaye siku hizo hakuwa waziri wa chochote, aliamini. Miezi michache baadaye chakula kikaisha. Akaenda sokoni, akakuta mahindi yanauzwa kwa bei iliyomfanya adhani muuzaji anamtania. Watoto hawali utani, akanunua.

Mama yake ndiye aliyepepeta. Alikuwa bado na nguvu zake, mwanamke mfupi, mcheshi, mwenye mikono isiyotulia. Alikuwa na mbegu yake aliyoichagua kila mavuno tangu alipoolewa, na katika kila gunzi hazikukosa punje mbili tatu za zambarau. Alirusha ungo mara moja, mara mbili, akasimama. Akaokota punje ya zambarau, akaitazama, akaokota nyingine.

"Mwanangu," akasema, "haya si mahindi yetu haya?"

Yalikuwa ya kwao. Walikuwa wameyauza kwa bei ya kutupa, yakaenda kukaa kwenye ghala la mtu, yakarudi kwao kwa bei ya dhahabu. Mama alicheka mpaka ungo ukamponyoka. Kisha akauona uso wa mwanawe, akaacha kucheka. Msimu ule wote, kila walipokaa kula, mama alikuwa wa kwanza kunawa mkono na kusema ameshiba. Alikuwa hajashiba. Waziri aliliona hilo kila siku, na neno lile "nimeshiba" likamkaa kifuani.

Basi akanunua redio. Kila mchana baada ya taarifa ya habari kulikuwa na dakika chache za biashara, wakitaja bei za nafaka za masoko makubwa ya dunia, naye hakuzikosa hata akiwa shambani. Mkewe alilalamika kwamba katika nyumba hii betri hununuliwa kabla ya chumvi. Mama mkwe wake ndiye aliyemtetea. "Mwache mume wako," alimwambia. "Anatafuta nani alikula mahindi yetu."

Mwaka tunaouzungumzia, mvua zilikuwa za kupendeza. Kila mtu alivuna, na dalali naye akaja mapema, mahindi hayajakauka, na bei yake ile ile ya huruma. Pale kwenye mashine palikuwa na mabishano mpaka fundi akazima injini asikie vizuri.

"Msiuze," alisema Waziri. "Huku tumevuna, ndiyo, lakini ng'ambo wameungua. Ukame umeshika nchi zinazolisha nusu ya dunia. Na nyingine ziko vitani, meli hazitoki. Wataanza kutafuta."

"Watafute mahindi yangu mimi? Wananijua?" aliuliza mzee mmoja mwenye kipara, ambaye kazi yake ilikuwa kutoamini.

"Hawakujui. Lakini ng'ombe wa huko, mzee wangu, anakula mahindi mengi kuliko ukoo wako wote. Yakikosekana ya ng'ombe wao, watakuja kutafuta ya watoto wetu. Hapo ndipo bei inapopanda."

Watu walicheka kwa habari ya ng'ombe, lakini kicheko kilikatika njiani. Mama Pacha, jirani wa Waziri, mwanamke aliyeachwa na mume, akabaki na mashamba mawili na watoto pacha, alitikisa kichwa.

"Mimi dunia hii siielewi," alisema. "Mbolea ikipanda bei ng'ambo asubuhi, mchana nishaambiwa dukani. Mahindi yakipanda ng'ambo, habari inakuja kwa miguu, tena inapumzika njiani."

"Inapumzika kwa dalali," alisema fundi. "Hapo inalishwa na kulazwa."

"Basi safari hii tusimuuzie," alisema Waziri. "Tukae na mahindi yetu ndani mpaka habari ifike."

Walimsikiliza. Wengi hawakuuza, na dalali akaondoka na lori lake likigonga gonga mabati, tupu. Ulikuwa ushindi. Waziri alitembea kwenda nyumbani siku ile kifua mbele, akamweleza mama yake yote, na mama akapiga makofi kama aliyeshinda ni yeye.

Jambo ambalo Waziri hakulihesabu ni kwamba wezi nao wana masikio. Ilipovuma kwamba bei itapanda, vihenge vya nje vikaanza kubomolewa, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Ghala la ushirika lilikuwa halina paa tangu upepo ulipoling'oa, na kila kiongozi alikuwa akiahidi mabati. Ikabidi kila mtu aingize mahindi ndani ya nyumba anayolala. Nyumba ya Waziri ilikuwa na sebule, chumba chao na watoto, na chumba cha mama. Chenye sakafu ya saruji na mlango wa chuma kilikuwa cha mama, kwa sababu Waziri alikimalizia hicho kwanza.

"Leteni kwangu," mama alisema kabla hajaombwa. "Uzee huu usingizi wenyewe wa kuokoteza. Nitalinda."

Wakapanga magunia mpaka usawa wa dirisha, wakasogeza kitanda chake ukutani. Ikabaki njia nyembamba ya kupita kiubavu. Mama alifurahi waziwazi. Kwa miaka mingi, tangu miguu ilipoanza kumsumbua, alikuwa mtu wa kuletewa na kufanyiwa, na sasa alikuwa na kazi. Kila jioni alipita na fimbo yake akigonga gunia moja moja, akisikiliza panya. Wageni wakija aliwaambia, "Mimi ndiye askari wa Waziri," na mtu akitaka kuingia chumbani alimuuliza ana kibali cha nani.

Bei haikupanda haraka. Redio ilisema inapanda, dalali akasema redio haina lori. Kisha asubuhi moja mama akamwita mwanawe, akamwonyesha blanketi lake. Lilikuwa na vumbi laini jeupe.

"Fukusi," alisema. "Wenzetu wameanza kula kabla ya sisi kuuza."

Mkewe Waziri aliposikia alisema neno lake, tena kwa upole. "Baba watoto, tuuze. Bei ya leo si nzuri, lakini si mbaya kama ya mavuno. Unga wa fukusi hauuziki."

"Bado kidogo tu," alisema Waziri. "Tumeshangoja sana, tukiuza sasa tumengoja bure."

Akaenda duka la pembejeo. Muuza dawa alikuwa kijana mwenye haraka, anayejibu wateja watatu kwa mara moja. Vile vidonge vya kufukiza nafaka, vinavyotoa hewa ya sumu inayoua kila mdudu gunia zima, vilikuwa kwenye kopo lenye picha ya fuvu. Lakini kopo lilikaa chini ya meza. Mteja alifungiwa vidonge vyake kwenye kipande cha gazeti, kama karanga. Nikifikiria kile kipande cha gazeti mpaka leo hasira hunipanda.

"Ghala lako liko wapi?" aliuliza muuza dawa, akifunga. "Haliko karibu na watu?"

Dukani walikuwemo wakulima wakubwa, wenye matrekta, na mmoja wao alikuwa amegeuka kumtazama. Waziri, mtu anayejua akiba ya dunia nzima, aliona aibu kusema kwamba ghala lake ni chumba anacholala mama yake mzazi.

"Liko peke yake," akajibu. "Nyuma ya nyumba, mbali kabisa."

"Basi ziba vizuri tu, hewa isitoke," alisema yule kijana, akageukia mteja mwingine. Lile ambalo angemwambia mtu mwenye ghala ndani ya nyumba hakulisema, kwa kuwa mtu huyo hakuwepo.

Na Waziri aliziba. Alikuwa mtu makini, kazi yake haina kasoro. Aliweka vidonge, akafunika turubai, akazikunja kingo zake chini ya magunia. Kisha akaziba dirisha kwa matambara ili dawa isipotee. Mama alisimama mlangoni akimwelekeza palipobaki upenyo.

"Haitatudhuru hii?" aliuliza.

"Inadhuru mdudu, mama. Iko chini ya turubai."

"Ina harufu kama ya kitunguu saumu."

"Ndiyo inafanya kazi hivyo."

"Basi ifanye," alisema mama, akapanda kitandani kwake.

Siku iliyofuata aliamka na kichwa kizito na kichefuchefu. Wakadhani ni chakula. Wakamtolea kiti uani, akakaa juani, na kadiri jua lilivyopanda naye akapata nafuu. Aliomba chai, akamtania mkwewe kwamba sukari imeogopa kikombe chake, akaazima simu ya mkwewe na kuzungumza kidogo na binti yake, yule dada mkubwa wa Waziri anayekaa mji wa mbali. Jioni upepo wa baridi ukaanza. Waziri akaja, akamshika mkono.

"Twende ndani, mama. Baridi itakupiga."

Alikwenda naye mpaka mlangoni, akasita.

"Kule ndani kifua kinanibana, baba," alisema. Akitaka kumbembeleza mwanawe alimwita baba, tangu alipokuwa mtoto. "Leo nilale sebuleni."

Waziri alifikiria mlango wa sebule usioziba vizuri, na upepo, na kikohozi cha mama cha kila mwaka. Alifikiria pia, na hili halikuwa la mwisho kichwani mwake, kwamba chumba cha mahindi kitabaki hakina mtu.

"Vumilia leo tu," alisema. "Kesho nitakuhamishia kitanda."

"Haya," alisema mama, akaingia.

Asubuhi mkewe alipompelekea chai alimkuta anapumua kwa shida, midomo imebadilika rangi, haongei. Walimkimbiza zahanati kwa mkokoteni wa fundi wa mashine, Waziri akisukuma na kukimbia. Nesi alimpima, akamfungua shuka, akainama akaunusa ule mkunjo wa shuka. Akainua uso.

"Analala wapi huyu mama? Mmetia dawa yoyote chumbani?"

"Hapana," alisema Waziri.

Hakulipanga neno hilo. Ulimi ulimtangulia. Lakini lilipotoka tu, akajua kila kitu, kile kiti cha uani, nafuu ya juani na mkono wake mwenyewe ukimrudisha ndani. Angeweza kulirudisha neno wakati ule ule. Nesi alimtazama muda mrefu, akimngoja. Waziri alitazama sakafu, na mama yake akafa kabla ya mchana, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mwanawe.

Mzee akifa watu hawaulizi sana. Waliambiwa ni tumbo, wakaongeza wenyewe uzee na moyo, wakaja kuzika. Waziri alirudi nyumbani kabla yao, akang'oa matambara dirishani, akafungua mlango, akaamuru watoto wote walale kwa jirani wa upande wa juu kwa sababu ya wageni. Mkewe alimtazama akifanya hayo. Hakumuuliza kitu, lakini tangu siku hiyo hakukanyaga chumba kile.

Dada yake alifika amevimba macho kwa kulia njia nzima. Ndiye aliyemlea Waziri mgongoni wakati mama yao akiwa shambani, na mbele ya watu wote alimkumbatia kama mtoto.

"Umemtunza mama, mdogo wangu," alisema. "Wengine wanazeeka hawana mtu. Mama alikuwa na wewe. Nakushukuru."

Waziri alisimama ndani ya mikono ile, hana pa kuweka yake. Angefurahi kama dada angempiga. Watu waliona machozi yake, wakasema jamaa alimpenda mama yake, na hilo lilikuwa kweli tupu.

Dada alibaki kumsaidia shemeji yake kazi za nyumba. Redio ilinyamaza. Waziri alikwenda shamba, akarudi, akakaa uani pale palipokuwa na kiti, na mtu akimwita Waziri aliitikia kwa kichwa. Walimwacha, wakasema ni msiba. Na kweli ulikuwa msiba, ila aliubeba peke yake na ulikuwa mzito mara mbili.

Ndipo bei ikapanda. Safari hii hakuna aliyehitaji redio. Alikuja dalali mwenyewe, na nyuma yake dalali mwingine, na wa tatu ambaye hakuna aliyewahi kumwona, wanagombania. Bei waliyotaja ilizidi ile ambayo Waziri aliitabiri na kuchekwa. Ng'ambo walikuwa wanatafuta kweli. Lori lilisimama mbele ya nyumba ya Waziri kwa kuwa iko barabarani, mizani ikatundikwa uani kwake, na wakulima wakaja na magunia yao, na vifijo. Hata mzee mwenye kipara alikuja kumpa mkono.

"Sikukuamini," alisema. "Nisamehe, Mheshimiwa."

Vijana wa lori walitoa magunia chumbani kwa mama. Waziri alisimama pembeni. Dalali akachoma gunia la kwanza kwa kile chuma chao chenye mfereji, punje zikamwagika kiganjani mwake. Akazigeuza. Akatafuna moja, ikalia. Akachoma gunia la pili na la tatu, kisha akawaita watu waone.

"Haya ndiyo mahindi," alisema. "Nimezunguka kote, sijaona mahindi ya kukaa namna hii yasiyo na hata fukusi mmoja. Mzee, uliyahifadhije?"

Alijibu Mama Pacha kwa niaba yake, akicheka, gunia lake moja kichwani.

"Si niliwaambia huyu anajua? Mimi nimemuiga kila kitu. Hili nauza la chumvi na sabuni, mengine nangoja bei izidi. Jana nimekwenda duka lile lile, nimechukua vidonge vile vile. Nimeyapanga chumbani kwa pacha wangu, nimeziba mpaka tundu la funguo."

Waziri aligeuka. "Pacha wako wapi?"

"Wamelala. Tangu asubuhi wanalalamika vichwa, sijui wamecheza sana juani. Nimewaambia wasitoke, wapumzike."

Dada yake alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe. Majirani wote walikuwepo, na dalali, na fundi, na mkewe. Waziri aliwaona wote, na akaona pia kwamba kuna njia ya kusema nusu. Angeweza kusema dawa hiyo si nzuri kwa watoto, hewa ndogo, wafungulie dirisha. Alifungua mdomo aseme hiyo nusu. Mama Pacha alikuwa bado anatabasamu, na Waziri akaona kwamba mtu anayetabasamu hivyo hatakimbia.

"Watoe," alisema. "Kimbia ukawatoe nje, wote wawili, sasa hivi. Hiyo dawa inaua watu. Imemuua mama yangu."

"Mama si aliumwa tumbo?" aliuliza Mama Pacha.

"Hakuumwa tumbo. Nilimuua mimi. Nenda!"

Gunia lilianguka likapasuka. Mama Pacha alikimbia bila viatu, fundi mbele yake, na nusu ya uani nyuma yao. Wale pacha walikutwa hai. Mmoja alikuwa anatapika na mwingine haamki vizuri, wakabebwa mpaka zahanati, na mbele ya nesi safari hii jina la dawa lilitajwa kabla hajauliza. Walipona. Niliseme hilo mapema, kwa sababu pale uani Waziri alikuwa bado hajui, na alisimama akiutazama upande walikokimbilia mpaka mtoto wa mtu akarudi mbio kusema wote wawili wanapumua.

Ndipo akageuka kwa dada yake. Alikuwa ameliweka sinia chini. Mahindi yaliyomwagika yalikuwa miguuni pake.

"Ulijua lini?" aliuliza.

"Nesi aliponiuliza."

"Siku ile ile?"

"Siku ile ile, dada."

"Na mimi nikakushukuru mbele za watu."

"Ndiyo."

Dada alipoongea tena sauti yake ilikuwa ya chini, si ya hasira, na Waziri angelipa mahindi yote ya lile lori ili iwe ya hasira.

"Kuna kitu sikukwambia," alisema. "Nilikificha nisikuumize. Siku moja kabla hajafa mama alinipigia simu, alikuwa amekaa juani. Akaniambia hajisikii vizuri, kifua, anatamani aje kwangu apumzike siku chache. Nikamwambia njoo, mama, nakutumia nauli leo leo. Akasema yuko tayari, anajifunga kanga aje. Halafu akacheka. Akasema, 'Hapana, nitakuja mtoto akishauza. Nikiondoka sasa, nani atamlindia mahindi yake?'"

Waziri alikaa chini pale pale kwenye vumbi. Alilia kwa sauti, bila kujificha uso, akimwita mama yake. Dada yake alisimama mbele yake, mkono umeinuka nusu kuelekea bega lake. Kisha akaushusha, akaingia ndani kufungasha.

Dalali alingoja kwa adabu mpaka ikawa wazi kwamba hakuna atakayenyanyuka. Akamsogelea mke wa Waziri, akamuuliza kwa sauti ndogo kama waendelee kupima. Mke alitazama magunia, akatazama mlango wa chuma uliokuwa wazi, akamtazama mumewe.

"Pimeni," alisema. "Yatoeni yote. Lisibaki hata moja humu ndani."